Imam Ahmad al-Muhajir: Aliihama Basra, akazikwa Hadhramaut

 

Ndugu msomaji, asafiriye kwa barabara itokayo Seiyun kwenda Tarim, katika bonde la Hadhramaut nchini Yemen, huliona kuba jeupe ubavuni mwa mlima, na ngazi ndefu ya kulipandia. Hapo, mahali paitwapo al-Husaysa, ndipo alipolala Imam Ahmad bin Isa, mjukuu wa kizazi cha Imam Jaafar as-Sadiq, aliyelakabiwa al-Muhajir, yaani mwenye kuhama. Kijiji alichoishi kimebaki magofu. Kaburi lingalipo, na masharifu wengi wa Lamu, Pate, Unguja na Ngazija hurejesha nasaba zao kwake.

Alizaliwa Basra, Iraq, takriban mwaka 260 Hijria (873 Miladia), katika jamaa yenye mali na heshima. Lakini Basra ya utoto wake ilikuwa mji wenye jeraha. Mwaka 257 (871) iliingiwa na kuteketezwa na Zanj, watumwa weusi waliokuwa wakitumikishwa katika ardhi za chumvi za kusini mwa Iraq, na vita vyao havikuzimwa hadi mwaka 270 (883). Jina hilo la Zanj ndilo Waarabu waliloiita pwani yetu hii. Wasimulizi wa habari za Imam aghalabu huliruka jambo hili, nami naona si haki kuliruka: mji ule ulikuwa umevuna ulichopanda. Kisha wakaja Qarmati, wakaishambulia Basra mwaka 311 (923), wakaua na kupora.

Mwaka 317 Imam aliondoka. Alimwacha mwanawe Muhammad aangalie mali, akafuatana na mwanawe Ubaydullah na jamaa na wafuasi wapatao sabini. Alishukia Madina. Msimu huohuo Qarmati wakaingia Makka, wakawachinja mahujaji ndani ya Haram na kuling'oa Jiwe Jeusi. Mwaka uliofuata Imam alihiji, kisha akashika njia ya Yemen, akafika Hadhramaut mwaka 319.

Alikwenda kutafuta nini huko? Si neema ya dunia, maana aliyeacha mitende ya Basra akaenda kwenye bonde lile kame hakufuata faida. Wala hakwenda na jeshi. Wenyeji wengi walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi, naye alijadiliana nao kwa hoja. Alikaa al-Jubayl katika bonde la Daw'an, akahamia al-Hajrayn, kisha Qarat Bani Jushayr, na mwisho al-Husaysa, ambako alinunua ardhi. Alinunua, hakunyang'anya. Jambo hili nalipenda kuliko karama nyingi zinazosimuliwa juu yake.

Mwaka 339 (951) Jiwe Jeusi lilirejeshwa Makka. Basra nayo ilikuwa ingali pale na mali yake. Mzee hakurudi. Mauti yalimkuta al-Husaysa mwaka 345 (956), akazikwa katika ardhi aliyokuwa mgeni wake kwa miaka ishirini na sita. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 100, Allah amebeba dhamana ya ujira wa mwenye kutoka nyumbani kwake kwa ajili Yake kisha akafikwa na mauti.

Kuba lile ni kazi ya watu waliokuja baadaye, na hapa ndipo Waislamu wanapogombana. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Jabir ya kukataza kujenga juu ya makaburi, na mafakihi wa Kishafii wana ufafanuzi mrefu juu yake. Wengine hawakungoja ufafanuzi: mwaka 1994 kaburi la al-Aydarus mjini Aden, mmoja wa kizazi cha Imam huyu, lilivamiwa na kuharibiwa. Msimamo wangu nausema wazi. Kuzuru makaburi kwa kukumbuka Akhera ni Sunna iliyothibiti. Kumwomba maiti akupe riziki si katika dini. Na kuvunja kaburi la Muislamu kwa nyundo na bunduki ni fitna.

Ubaydullah alipata watoto watatu: Basri, Jadid na Alawi. Vizazi vya wawili wa mwanzo vilikatika. Cha Alawi kilidumu, na kutoka kwake ndipo lilipotoka jina la Baalawi. Nao hawakuganda kaburini kwa babu yao: mwaka 521 (1127) walihamia Tarim, na karne zilizofuata wakavuka bahari hadi India, Java na kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi Unguja, na huko ndiko alikofia na kuzikwa mwaka 1925.

Habib Saleh Jamalullayl naye alitoka Ngazija akahamia Lamu, akaasisi Riyadha. Darsa zake aliwafungulia hata watumwa na watoto wa watumwa, ambao baadhi ya wakubwa wa mji waliona elimu si haki yao. Alilaumiwa kwa hilo, hakuacha. Naye hakurudishwa Ngazija wala Hadhramaut. Kaburi lake lipo Lamu, miongoni mwa wajukuu wa wale aliowasomesha.