Sahani Iliyolipiwa Kabla ya Kuonekana: Kutoka Meli za Kitalii hadi Kambi za Kimana

Mabishano kuhusu chakula cha meli za kitalii, yaani meli kubwa zinazowabeba watu kwa matembezi ya siku kadhaa baharini badala ya kuwavusha tu kutoka bandari moja hadi nyingine, yamedumu kwa miaka mingi na kwa kawaida huwa na pande mbili. Upande mmoja hulalamika kwamba nyama hufika mezani ikiwa imepoa, kwamba vyakula vya ukumbi mkuu hurudiwarudiwa, na kwamba vile vilivyo bora vimehamishiwa katika migahawa midogo ambayo abiria hulazimika kuilipia zaidi. Upande wa pili hujibu kwamba jiko linalolisha watu elfu mbili au tatu mara tatu kwa siku, likiwa mbali na soko lolote, haliwezi kupimwa kwa kipimo cha mgahawa wenye meza kumi. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini zote zinaipita hali ya mlaji mwenyewe, ambayo ndiyo inayofanya mabishano hayo yawe na uzito: mlaji huyo amelipa kabla ya kukiona chakula, na kisipomridhisha hana pa kwenda.

Hali hiyo haihitaji bahari. Mji wa Kimana, ulioko kusini mwa Kaunti ya Kajiado kwenye barabara itokayo Emali kwenda Loitokitok, umezungukwa na kambi na hoteli za kitalii zinazotegemea Mbuga ya Amboseli iliyo upande wake wa magharibi, na nyingi kati yake huuza malazi pamoja na milo yote kwa bei moja ya jumla. Familia kutoka Nairobi au Kitengela inayolipia mapumziko ya siku mbili hulipia papo hapo kiamshakinywa, chakula cha mchana na cha jioni, na ikiwa imelala ndani ya mbuga, ambamo magari ya wageni hayaruhusiwi kutembea usiku, haiwezi kutoka jioni kutafuta ugali na nyama ya kuchoma mjini hata kama supu ya hotelini imewashinda watoto. Kwa saa hizo zote familia hiyo iko melini, ingawa nje ya dirisha kuna tembo na Mlima Kilimanjaro.

Ulinganisho huu una historia yake hapo hapo Kimana. Hifadhi ya jamii ya Kimana ilifunguliwa mwaka 1996 kwenye ardhi ya shamba la pamoja la Wamaasai, na inatajwa kuwa hifadhi ya kwanza ya wanyamapori nchini Kenya kumilikiwa na jamii. Baadaye ilikodishwa kwa African Safari Club, kampuni yenye asili ya Uswisi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na hoteli katika pwani ya Kenya, shirika lake la ndege lililoitwa African Safari Airways, na meli ya kitalii iliyoitwa Royal Star, iliyofanya safari zake kutoka Mombasa katika miaka ya 1990. Mfumo huo, ambao wataalamu wa biashara huuita muungano wa wima kwa maana kwamba mwenye mali mmoja anashika kila hatua ya huduma tangu juu hadi chini, ulimwezesha mtalii wa Ulaya kula cha kampuni moja angani, baharini, ufukweni na nyikani. Una faida ya kupunguza gharama na kusawazisha huduma. Udhaifu wake ni kwamba mgeni hana hata hatua moja ya safari ambamo mshindani anaweza kumvutia kwa sahani iliyo bora. Kampuni hiyo iliporomoka, na leo hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa takribani ekari 5,700 zinazomilikiwa na familia 844 za Kimaasai, imekuwa tangu Novemba 2023 na kambi ya Angama Amboseli yenye vyumba 10 tu. Kutoka utalii wa wengi kwa bei nafuu hadi utalii wa wachache kwa bei ya juu ni badiliko kubwa, lakini mgeni wa leo naye hulipia milo yake kabla hajafika.

Katika mji wenyewe wa Kimana mambo huenda kwa namna nyingine kabisa. Kwenye bucha mteja huichagua nyama ikiwa bado inaning'inia, hupimiwa kwa kilo mbele ya macho yake, kisha huisubiri ichomwe kwenye jiko analoliona, na akiona inzi wamezidi au mchomaji hajanawa mikono huvuka barabara na kwenda kwa jirani. Si kwamba usafi wa bucha hizo hauna kasoro, lakini mteja ni mkaguzi, na adhabu anayoitoa ni ya papo kwa papo. Mlaji wa melini na wa kambini amenyang'anywa nafasi hiyo ya ukaguzi kwa sababu jiko limefichwa nyuma ya milango, na vilevile amenyang'anywa adhabu kwa sababu pesa zimekwisha kulipwa. Haki ni kwamba mahali pa ukaguzi wake pachukuliwe na ukaguzi wa mtu mwingine ambao matokeo yake yanaonekana.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wabishanaji huyachanganya mara kwa mara, yaani ladha na usalama. Ladha ina wenyewe, na mpishi hawezi kumpendeza Mjerumani, Mhindi na Mkamba kwa mchuzi mmoja. Usalama hauna upande wa pili. Chakula cha bafe, yaani kile kinachopangwa kwenye meza ndefu ili kila mtu ajipakulie, ndicho kinachotawala melini na kambini kwa sababu kinahitaji wahudumu wachache, lakini ndicho pia chenye hatari nyingi. Wataalamu wa usafi wa chakula husisitiza kwamba kilicho moto kisishuke chini ya nyuzi 57 za Selisiasi na kilicho baridi kisipande juu ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya nyuzi hizo mbili bakteria huongezeka kwa kasi, na kwamba kilichokaa katikati hapo kwa saa nne kitupwe hata kama kinanukia vizuri. Juu ya hayo kuna kijiko cha kupakulia kinachoshikwa na mikono mia moja kwa mlo mmoja. Virusi vya noro, vinavyosababisha kuhara na kutapika na vinavyofahamika kwa kusumbua meli za kitalii, huambukiza kwa chembe chache mno, na dawa ya mikono yenye alikoholi haiviui vyema, hivyo kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kunabaki kuwa kinga kuu.

Mfano wa karibu na ukanda huu ulitokea Februari 2024, wakati meli Norwegian Dawn, iliyokuwa imetoka Cape Town ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, ilipozuiwa kutia nanga Port Louis nchini Morisi baada ya abiria wachache kuugua tumbo na kukawa na hofu ya kipindupindu. Sampuli zilipimwa, kipindupindu hakikupatikana, na meli ikaruhusiwa kuingia baada ya siku mbili hivi. Ugonjwa wenyewe haukuwa mkubwa. Lililo kubwa ni kwamba watu wapatao kumi na watano tu walitosha kuifanya serikali ya kisiwa kuchukua hatua na vyombo vya habari vya dunia kuifuatilia meli moja saa kwa saa, kwa kuwa katika biashara ya meli kuumwa tumbo huandikwa, huhesabiwa na hutangazwa.

Desturi hiyo ya kutangaza haikuja kwa hiari ya wenye meli. Nchini Marekani taasisi ya kudhibiti magonjwa ilianzisha katika miaka ya 1970 mpango wa usafi wa meli, ambao wakaguzi wake hupanda melini bila kutoa taarifa, hufungua majokofu, hupima joto la vyakula na la maji ya kuoshea vyombo, kisha huipa meli alama kati ya 100. Meli inayopata 86 au zaidi imefaulu. Iliyopata 85 au pungufu imeshindwa, na ripoti nzima, pamoja na orodha ya makosa, huwekwa hadharani ili yeyote anayetaka kukata tiketi aisome. Vilevile, idadi ya waliougua ikifika asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia katika safari inayoangukia chini ya mpango huo, mlipuko hutangazwa kwa jina la meli. Kwa hiyo abiria anayelalamika kwamba samaki hakuwa na chumvi anaweza angalau kujua, kabla ya kulipa, kama jokofu la samaki huyo lilikuwa likifanya kazi.

Mgeni wa Amboseli hana kitu cha namna hiyo mkononi, na si kwa sababu Kenya imekosa sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika nazo. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia shughuli zinazouzia umma chakula. Maofisa wa afya ya umma hukagua majiko, na kila mwenye kushika chakula hutakiwa kuwa na cheti cha kupimwa afya kinachohuishwa kila baada ya miezi sita. Nyota zinazobandikwa malangoni, zinazotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, huchunguza pia majengo, vyumba, vifaa na huduma, lakini nyota hutolewa mara moja na kukaa kwa miaka, ilhali jokofu linaweza kuharibika Jumanne na kumwumiza mtu Jumatano. Kinachopungua ni hatua moja tu baada ya ukaguzi: ripoti ya ofisa wa afya ibandikwe mapokezini na kuwekwa wazi kwa yule anayelipia akiwa bado Kitengela. Hatua hiyo haihitaji katiba mpya wala fedha za wafadhili, na Bunge la Kaunti ya Kajiado lina mamlaka ya kuitungia sheria.

Wenye kambi wanaweza kujibu kwamba kupata bidhaa bora nyikani ni kazi ngumu, na hoja hiyo ni nzito, ila katika Kimana inakutana na ukweli wa kushangaza. Maji yanayotoka Kilimanjaro kwa njia za chini ya ardhi huchomoza kwenye chemchemi za eneo hili, na kwa sababu ya maji hayo kuna mashamba ya umwagiliaji yanayotoa nyanya, vitunguu na mboga nyingine ambazo husafirishwa kwa malori hadi Nairobi na Mombasa. Chemchemi nyingine za miteremko hiyo hiyo hulisha bomba la Nolturesh linalopeleka maji hadi upande wa Kajiado na Machakos. Ni vigumu kuzitaja kambi za eneo hili kuwa ziko mbali na soko kama meli iliyo katikati ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mkulima mdogo hupendelea dalali anayemlipa taslimu shambani kuliko hoteli inayolipa baada ya majuma mengi, na mnunuzi wa hoteli naye anataka nyanya za ukubwa mmoja, zilizochambuliwa, zenye hati inayoonyesha zimepuliziwa dawa gani na lini, vitu ambavyo msambazaji mkubwa wa jijini huvitoa kwa urahisi zaidi. Ushirika wa wakulima wenye banda la kuchambulia mazao na daftari la dawa ungeweza kuziba pengo hilo, na saladi ya Amboseli ingeliwa siku ile ile iliyovunwa. Kati ya mambo yote yanayoweza kuinua ladha ya meza za eneo hili, hakuna lililo karibu zaidi na hilo, na inasikitisha kuona lilivyopuuzwa.

Kuhusu huduma, Kenya haina upungufu wa mafunzo. Chuo cha Utalii jijini Nairobi kilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, na wahitimu wake wamepika na kuhudumu katika hoteli na meli za mabara mengi. Tofauti iko katika ulinzi wa mhudumu. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamhakikishia baharia, na mhudumu wa mezani akiwemo, mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba, pamoja na chakula cha bure chenye lishe kinachopikwa na mpishi aliyefunzwa, na unaagiza jiko na akiba ya chakula vikaguliwe mara kwa mara kwa maandishi. Mhudumu wa kambi ya nyikani, ambaye naye huishi kazini kwa majuma kadhaa na hula kile anachopewa, analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayompa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini sheria hiyo haiingii kwa undani wa namna hiyo katika sufuria yake. Yeye ndiye mlaji aliyefungiwa kuliko wote, kwa maana mgeni huondoka baada ya siku mbili. Mwosha vyombo anayeharisha baada ya kula maharagwe yaliyolala, na anayeogopa kukatwa mshahara akisema anaumwa, atashika sahani za wageni wote jioni ile ile. Ofisa wa afya anayeingia katika kambi ya Kimana angefaa kupita kwanza jiko la wafanyakazi, apime joto la chungu chao na kuuliza nani aliugua wiki hiyo, kisha ndipo aelekee kwenye meza ya bafe.