Jina Lifuate Kazi: Istilahi za Kebo za Umeme katika Kompyuta

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji na nchi za Ziwa Nyanza. Watu wa misafara ile walitajwa kwa kazi zao: kirangozi alitangulia kuonyesha njia, mpagazi alibeba mzigo, askari alilinda. Reli ilipofika mjini mwaka 1912, na baadaye kugawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, njia nazo zikatajwa kwa miji zinakokwenda. Tunaona kwamba kanuni hiyo yafaa pia katika kuziita kebo za umeme zilizomo ndani ya kompyuta.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Tabora anayeunda kompyuta ya mezani kwa kufuata mwongozo uliofasiriwa. Umeme wa volti 230 huingia katika kisanduku cha umeme, nacho huugeuza kuwa wa volti 12, 5 na 3.3, kisha huugawa kwa kebo mbalimbali. Mwongozo ukimwambia tu, "Chomeka waya wa pini nane," umempoteza, kwani plagi za pini nane ni za aina mbili: moja ni ya prosesa, nyingine ni ya kadi ya picha. Zaidi ya hayo, mpangilio wake umepinduka: upande ambao plagi moja hupeleka volti 12, nyingine hurudisha umeme. Maumbo ya pini huzuia plagi kuingia pasipo pake. Lakini asiyejua tofauti hiyo hudhani imekaza tu, akatumia nguvu na kuunguza mtambo wa thamani.

Hivyo basi, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Waya: uzi mmoja wa metali unaopitisha umeme, uliovikwa plastiki.
Kebo: nyaya kadhaa zinazokwenda pamoja mahali pamoja.
Plagi: ncha ya kebo inayochomekwa.
Soketi: mahali plagi inapochomekwa.
Kebo ya ubao mama: yenye plagi pana ya pini 24.
Kebo ya prosesa: ambayo kwa kawaida plagi yake hugawanyika pini nne kwa nne.
Kebo ya kadi ya picha: ambayo plagi yake ya pini nane aghalabu hugawanyika sita na mbili.
Kebo ya diski: yenye plagi bapa.

Mfasiri ataje kwanza kazi ya kebo, ndipo ataje idadi ya pini. Asiandike "waya" katika ukurasa mmoja na "kebo" katika ukurasa mwingine kwa kitu kile kile. Aidha, maonyo yatangulie maagizo: agizo la kuchomoa kebo kuu ukutani liandikwe kabla ya agizo la kufungua kasha.

Mafundi wana majina yao wenyewe. Tunawaomba wasomaji watuletee majina hayo, kwani istilahi isiyokubaliwa na fundi haitadumu.