Ukali wa Pilipili Hauzuii Kuoza



Mche mmoja wa pilipili kichaa ukitunzwa vizuri nyuma ya jiko huzaa pilipili nyingi kuliko familia inavyoweza kula. Penye miche mitano au sita, na pilipili mbuzi mbili tatu kando yake, mama wa nyumba hujaza ungo mzima kwa asubuhi moja. Nyingine huwagawia majirani, nyingine hupelekwa gengeni, na zinazobaki huanza kulegea na kuoza. Miezi michache baadaye familia ile ile hununua pilipili ya unga dukani.

Katika ukurasa huu tutaeleza namna ya kuhifadhi pilipili kali za bustanini ili zitumike mwaka mzima. Tutaeleza pia hatari zake, kwa sababu wengi hudhani kwamba kitu kikali namna hii hakiwezi kuharibika, na kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi ndani ya pilipili. Mawazo hayo si sahihi, na yanaweza kumfikisha mtu hospitali.

Ukali huo ni nini?

Ukali wa pilipili unatokana na kitu kiitwacho kapsaisini. Hukaa hasa katika ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Mbegu zenyewe huwa kali kwa sababu zimegusana na utando huo. Kapsaisini haichomi kama moto unavyochoma. Hugusa tu mishipa ya fahamu inayopokea habari ya joto, na ubongo huambiwa kwamba mdomo unaungua. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu David Julius wa Marekani na wenzake mwaka 1997. Mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian kwa kazi yao juu ya namna mwili unavyohisi joto na mguso.

Basi, ukali ni habari inayopelekwa kwenye ubongo wetu. Kuvu na vijidudu haviuogopi kama sisi. Chakula huhifadhika kwa kukosa maji, kwa uchachu, au kwa baridi. Pilipili nayo huhifadhika kwa njia hizo hizo.

Faida yake

Pilipili mbichi ina vitamini C nyingi. Mtaalamu Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliipata vitamini hiyo kwa wingi katika pilipili nyekundu za mji wa Szeged. Pilipili iliyoiva ina pia ile rangi nyekundu na ya machungwa ambayo sehemu yake mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Tukikausha, vitamini C nyingi hupotea. Rangi hubaki zaidi, lakini nayo hupungua pilipili zikikaa muda mrefu juani au kwenye mwanga. Kwa hiyo pilipili iliyokaushwa isichukue nafasi ya mboga za majani na matunda.

Njia ya kwanza: kukausha

Njia hii haina gharama kubwa na inafaa zaidi kwa pilipili kichaa, kwa kuwa nyama yake ni nyembamba.

1. Chuma pilipili zilizoiva zikawa nyekundu, baada ya umande kukauka. Zilizooza, zilizotobolewa na wadudu na zilizoanguka chini zitenge. Pilipili moja yenye kuvu inaweza kuharibu ungo mzima.

2. Osha kwa maji safi, kisha zichuje mpaka maji yaishe. Pilipili kichaa hukaushwa nzima. Pilipili mbuzi ina nyama nene, hivyo ipasuliwe katikati, la sivyo itaoza ndani huku nje ikionekana kavu.

3. Zitandaze safu moja tu juu ya wavu, mkeka au ungo safi, kwenye kichanja kilichoinuliwa. Zisianikwe chini, wala kando ya barabara ya vumbi, wala mahali kuku na mbuzi wanapopita. Funika kwa kitambaa chepesi au kipande cha chandarua safi ambacho hakijatiwa dawa, kuzuia nzi na jua la moja kwa moja.

4. Zigeuze mara kwa mara. Jioni ziingize ndani, maana umande wa usiku mmoja hurudisha unyevu ulioondoka mchana kutwa. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, ziweke juu ya jiko mahali penye joto la wastani na hewa ya kutosha.

5. Wakati wa jua zuri huchukua kati ya siku 5 na 10. Ili kujua kama zimekauka, zikunje. Iliyokauka huvunjika kwa sauti, na ukiitikisa mbegu hugongana ndani. Ikipinda bila kuvunjika, irudishe juani.

Kilo 4 za pilipili kichaa mbichi hutoa takriban kilo 1 ya kavu. Asishangae mtu ungo ukijaa kikombe tu.

Weka pilipili zilizokauka katika chupa za vioo au makopo yenye vifuniko vya kubana, mahali pakavu pasipo na mwanga. Andika tarehe. Ni vema kuziweka nzima na kusaga kidogo kidogo, kwani unga hupoteza harufu na rangi upesi. Baada ya wiki moja fungua uangalie. Ukiona matone ya maji ndani ya kioo, ujue hazikukauka vya kutosha. Zianike tena siku hiyo hiyo.

Hatari ya kuvu

Pilipili iliyokaushwa vibaya huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani, haina ladha, na haiondolewi na moto wa jikoni. Anayeila nyingi kwa mara moja huharibika ini na anaweza kufa. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiweka katika hatari ya saratani ya ini.

Watu wa Afrika Mashariki wanaijua sumu hii kutokana na mahindi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania, ilisababisha vifo vya watu wapatao 20. Ni kweli kwamba pilipili huliwa kidogo kuliko ugali. Hata hivyo pilipili kavu ni kati ya viungo vinavyopatwa sana na sumukuvu, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu iuzwe kwake ikiwa na zaidi ya maikrogramu 10 za sumu hizo katika kilo moja.

Kwa hiyo pilipili yenye kuvu isioshwe ikaanikwa tena, isisagwe kuficha kasoro, wala isipewe kuku. Ichomwe au ifukiwe.

Njia ya pili: siki

Uchachu wa siki huzuia vijidudu, mradi uwe wa kutosha. Tumia siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 au zaidi. Siki ya nazi au ya ndizi iliyotengenezwa nyumbani ni nzuri kwa kachumbari ya siku hiyo, lakini nguvu yake haijulikani, hivyo isitegemewe kwa kuhifadhi.

Chukua vikombe 5 vya siki, kikombe 1 cha maji na vijiko 4 vya chai vya chumvi. Usiongeze maji kwa ajili ya kubana matumizi, maana ndiyo siki inayolinda chakula. Chemsha katika sufuria isiyo ya alumini, kwa kuwa siki hula alumini. Pilipili zikatwe, au zile ndogo zichanjwe kwa kisu ili siki iingie ndani. Zipange katika chupa za vioo zilizochemshwa dakika 10, mimina siki ya moto mpaka izifunike kabisa, na acha nafasi ya sentimita 1 hivi juu.

Funga, kisha simamisha chupa katika sufuria yenye kitambaa chini na maji ya moto yanayozifunika, uchemshe. Pwani dakika 10 zatosha. Sehemu za juu maji huchemka kabla ya kupata joto lile lile, kwa hiyo Mbeya mjini chemsha dakika 15, na penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, kama Njombe, dakika 20. Asiye na vifuniko vinavyobana vizuri atengeneze kidogo na kuweka kwenye jokofu.

Angalizo: chupa au kopo lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu, ya mifugo au mafuta ya taa lisitumike kamwe, hata likioshwa mara 10.

Njia ya tatu: mafuta, na hapa tuwe waangalifu sana

Nyumba nyingi hupenda pilipili mbichi iliyosagwa na kitunguu saumu, ikafunikwa kwa mafuta na kuwekwa kabatini. Inapendeza, lakini ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Katika udongo kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo na hewa wala uchachu. Mafuta huzuia hewa, pilipili na kitunguu saumu huleta kijidudu kutoka shambani, na joto la jikoni hukikuza. Sumu yake huleta ugonjwa uitwao botulismu.

Mwaka 1977, katika mji wa Pontiac huko Marekani, watu wapatao 59 waliugua baada ya kula hotelini pilipili zilizohifadhiwa kienyeji katika chupa bila kufuata kanuni. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa kitunguu saumu kilichowekwa katika mafuta.

Dalili huanza kwa kawaida saa 12 hadi 36 baada ya kula, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Kope hushuka, mtu huona vitu viwili viwili, hushindwa kumeza na kusema vizuri, kisha udhaifu hushuka mikononi na miguuni, na pumzi hukata. Mara nyingi hakuna homa, na mgonjwa huwa na akili timamu. Mkimbizeni hospitali mara moja na mchukue chakula alichokula. Msingoje kesho wala msimpe dawa za nyumbani.

Anayetaka pilipili ya mafuta atengeneze ya kutosha siku 4 tu na kuiweka kwenye jokofu. Asiye na jokofu atengeneze ya mlo huo mmoja. Mwenye friza anaweza kugandisha pilipili mbichi zilizooshwa na kukaushwa maji, nazo zitakaa miezi mingi.

Mikono, macho na watoto

Anayepasua au kusaga pilipili avae glavu au mifuko safi ya plastiki mikononi, afunge kitambaa puani, na akae mahali penye hewa. Mama anyonyeshaye asishike mtoto kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni. Kinu kioshwe kabla ya kutwanga chakula cha wadogo.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji. Ikiwasha mikono, paka mafuta ya kupikia, pangusa, kisha nawa kwa sabuni. Ikiwasha mdomo, maziwa husaidia kuliko maji. Ikiingia machoni, usifikiche. Mimina maji safi mengi kwa dakika 15, na maumivu yakiendelea au macho yakiona ukungu, nenda kituo cha afya.

Na vidonda vya tumbo?

Wengi huamini pilipili ndiyo huleta vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waligundua kijidudu kinachosababisha vingi vya vidonda hivyo, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini. Hata hivyo mwenye kidonda, kiungulia au bawasiri akiona pilipili inamzidishia maumivu, apunguze au aache, na apate tiba ya kijidudu hicho hospitali.

Kabla ya kuanika mavuno yenu, chagueni pilipili chache nzuri kuliko zote kutoka mche wenye afya, mziache ziive kabisa, na mkaushe mbegu zake kivulini kwa ajili ya kitalu cha msimu ujao. Zilizobaki zigawanyeni: za kukausha, za siki, na za kula mbichi wiki hii. Kila chupa iwe na tarehe. Na yoyote mtakayoitilia shaka imwageni, maana msimu ujao bustani itazaa nyingine.