Mlemavu na msumeno: tuanze na fundi, mashine baadaye

Mpenzi msikilizaji, Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Juma lililopita nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kule kwa mafundi samani, nikakuta mkono mmoja ukitengeneza kitanda cha mninga. Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo, na mkono wake wa kushoto umeishia kwenye kiwiko. Nikamwuliza, fundi, unakataje mbao? Akacheka. "Ndugu mwandishi, kila anayekuja hapa anauliza habari za mkono wangu. Wewe uliza habari za jiliwa langu."

Jiliwa, kwa wasiolifahamu, ni kile kibanio cha chuma kinachofungwa kwenye meza ya seremala. Chini yake fundi yule amepigilia kipande cha ubao, ili mbao anayotaka kukata ikae hapo yenyewe wakati yeye anakaza. Ikishabanwa, mkono uliobaki una kazi moja tu, nayo ni kuendesha msumeno.

Lakini kulikuwa na kitu kingine pembeni, kimefunikwa turubai. Ni msumeno wa umeme wa kushika mkononi, ule wenye bamba la duara. Aliletewa na wafadhili ambao sitawataja. Msumeno ule hushikwa kwa mikono miwili. Alipoujaribu mara ya kwanza uliruka kutoka kwenye mbao, ukapita karibu na paja lake. Hajaugusa tena. "Walipiga picha, wakaondoka," aliniambia. "Hakuna aliyeniuliza nafanyaje kazi."

Hapo ndipo penye kosa, ndugu wasikilizaji. Tunachagua mashine kwanza, halafu tunamtafutia mtu. Inatupasa tuanze na maswali: fundi huyu anasimama au anaketi? Vidole vyake vinakaza? Anasikia? Akitaka kuzima mashine ghafla, ataizima kwa kiungo gani?

Tumtazame anayetumia kiti cha magurudumu. Seremala aliyesimama huutumia uzito wa mwili wake kusukuma msumeno. Aliyeketi hategemei uzito huo, anategemea mabega. Kwa sababu hiyo msumeno wa mtindo wa Kijapani, unaokata unapovutwa, huwafaa wengi wanaofanya kazi wameketi. Bamba lake ni jembamba na halidai nguvu nyingi. Meza nayo ishushwe, kimo cha sentimita 75 hadi 80 hivi, na chini yake pawe wazi ili magoti yaingie. Breki za kiti zifungwe kabla ya kukata.

Katika mashine za mezani, tofauti ni kubwa zaidi. Msumeno wa duara ukibanwa na mbao unaweza kuirusha kwa kasi kuelekea kwa fundi. Aliyesimama huweza kupigwa tumboni. Aliyeketi, kifua na uso wake viko karibu zaidi na usawa wa mbao ile. Msumeno wa mkanda, ambao bamba lake huzunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini, huikandamiza mbao kwenye meza, kwa hiyo hatari ya kurushiwa mbao ni ndogo zaidi. Vidole unakata vilevile, basi kinga yake ishushwe karibu na mbao, na mbao isukumwe kwa kijiti.

Mwenye vidole dhaifu aunenepeshe mpini wa msumeno wa mkono kwa kuuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli. Ila asifunge mkono wake kwenye mashine ya umeme hata kidogo. Mkono lazima uwe huru kuachia. Kwa asiyesikia, fundi umeme afunge taa inayowaka muda wote mota inapozunguka, na wenzake wamwendee kwa mbele, wasimguse begani kwa nyuma akiwa anakata. Anayetumia swichi ya mguu apate ile inayozima mara tu mguu unapoondoka.

Mengi ya haya hayahitaji fedha za kigeni. Yanahitaji kipande cha ubao, mpira chakavu, taa moja, na mtu wa kuuliza.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Vilevile Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai mahali pa kazi parekebishwe kadiri inavyofaa ili waweze kufanya kazi. Sasa, mwajiri akimwajiri kijana wa kiti cha magurudumu, kisha akamweka kwenye meza inayomfika kidevuni, ametimiza hesabu tu. Kesho atasema kijana hakuweza kazi, na kijana naye ataamini.

Nilipoaga, kitanda kilikuwa kimebaki kupigwa msasa. Mwenye kitanda alikuwa ameketi nje akisubiri, na wala hakuwa akizungumzia mkono wa mtu. Alikuwa akipunguza bei, kama kwa fundi mwingine yeyote.

Wafadhili, waajiri na walimu wa ufundi, kabla ya kununua msumeno mwingine, nendeni mkamwulize fundi. Hadi juma lijalo, kwaherini.