Nguvu Asilimia 90, Picha Imeganda

Msomaji wa Majengo, Dodoma, anauliza: king'amuzi chake cha antena kinaonyesha nguvu asilimia 90, ubora asilimia 30, na picha inaganda. Jirani kamshauri anunue busta. Anunue?

Asinunue kwanza. Enzi za analojia, zilizokoma Dodoma mwanzoni mwa 2013, mawimbi mabovu yalileta chenga lakini mpira ulionekana. Sasa, kwenye dijitali, picha huwa safi au huganda, na kipimo cha kutazama ni ubora. Nguvu hujumlisha kila kinachoingia kwenye antena, pamoja na kelele na mawimbi ya mnara wa simu.

Ili kuelewa ubora, chukua mabao mawili ya kete, uyaunganishe kwa ubavu mrefu. Kila moja lina safu 4 za mashimo 8, hivyo unapata mashimo 64. Tuseme mnara hutuma tarakimu sita za 0 na 1 kwa mkupuo, na kila mpangilio wa tarakimu hizo una shimo lake. Wimbi lina sehemu mbili zilizopishana robo ya mzunguko: ukubwa wa moja hutaja safu, wa pili hutaja shimo katika safu hiyo. King'amuzi huzipima zote mbili, kikajua kete imetua wapi. Haitui katikati kabisa, kwa sababu kelele na masalio ya mwangwi huisukuma. King'amuzi huihesabia shimo lililo karibu zaidi, kisha, na hapa ndipo panaponifurahisha, hupima kete imetua umbali gani kutoka kitovu cha shimo hilo. Kupotoka huko, kukilinganishwa na nguvu ya wimbi lenyewe, ndiko kunakotoa ubora. Wahandisi huuita mchoro huu kundinyota. Mimi naona bao linaueleza vizuri zaidi, maana nyota hazina kingo za kuvuka.

Wahandisi huandika kipimo hicho kwa desibeli, si kwa asilimia. Kikiwa desibeli 30, nguvu ya kosa ni sehemu moja ya 1,000 ya nguvu ya wimbi, na kete hupotoka kama moja ya tano ya njia ya kufika ukingoni. Kikiwa 20, hupotoka theluthi mbili, na takriban kete 5 katika kila 100 huangukia kwa jirani.

Kete hizo zilizokosea hurudishwa kwa tarakimu za ziada zinazotumwa pamoja nazo. DVB-T2, mfumo wa ving'amuzi vya antena nchini, hutumia usahihishaji uliobuniwa na Robert Gallager huko MIT mwaka 1960. Una nguvu ya ajabu, ila una kikomo: ubora ukishuka chini yake kwa desibeli moja tu, picha iliyokuwa safi inaganda.

Busta hukuza wimbi na kelele kwa pamoja, tena huongeza kelele yake. Ikizidiwa, hupotosha wimbi, na kete za mashimo yote hutawanyika zaidi. Husaidia pale waya unapokuwa mrefu, ikifungwa juu kwenye antena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fungua ukurasa wa ubora, kaza viungio vya waya, zungusha antena kidogo kidogo, ukisubiri sekunde chache kila mara namba itulie. Usilinganishe asilimia zako na za jirani. Kila kiwanda kina mizani yake. Ukimwita fundi mwenye kipimo, muulize desibeli.