MUTHOKOI NA SUMU YA UKUVU

Mkulima, ghala lako ni uhai wa watoto wako. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa kula mahindi mabaya, na 125 kati yao wakafa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wa Makueni na Kitui. Kilichowaua ni aflatoksini, yaani sumu itokayo katika ukuvu wa mahindi, ambayo huharibu ini.

Wataalamu hawakukaa Nairobi wakibahatisha. Walikwenda vijijini wakawauliza wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua: mahindi yenu mliyaweka wapi, na katika hali gani? Ikaonekana kwamba waliougua, zaidi kuliko wenzao, waliweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Tusiwalaumu. Mtu aogopaye mvua na wezi hupenda kulala karibu na chakula chake. Lakini jambo hilo lisingejulikana kama wenye nyumba wasingeulizwa.

Baadaye watafiti wa Kenya walipima muthokoi, chakula chetu cha Ukambani. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba kukoboa mahindi kulipunguza sumu kwa wastani wa karibu nusu, na kuyachemsha kwa magadi kukaipunguza zaidi. Basi mapishi ya mama zetu yana faida. Hata hivyo si dawa: nusu ya sumu nyingi bado ni sumu nyingi. Na kusonga ugali hakuiondoi.

Kwa hiyo yafaa kufanya hivi:

1. Vuna mahindi yakiwa yamekauka, wala usiyaanike juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka.

2. Tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi, yaanike tena.

3. Yaweke katika ghala lililoinuliwa, lisilovuja, lenye kupitisha hewa.

4. Mahindi yenye ukuvu usiyale, usiyauze, wala usimpe ng'ombe. Sumu hupita ikaingia katika maziwa.

Mtu wa nyumba yako akigeuka macho kuwa ya manjano au akivimba tumbo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na mtaalamu akija kuuliza habari za ghala lako, mweleze kweli yote. Jibu lako laweza kumwokoa jirani.