Mninga: Mti Utoao Damu

Mtu akitoka Lusahunga akaifuata njia iendayo Biharamulo, hupita katika nchi ya miombo. Katika miti ya nchi hiyo umo mmoja ambao karibu kila mtu ameutumia, hata kama hajapata kuuona umesimama. Mti huo ni mninga. Milango, vitanda na makabati mengi majumbani mwetu ni mbao zake, kwa kuwa mchwa hawaziwezi upesi, wala hazipindi zikaukapo. Lakini leo nataka kueleza hasa habari za utomvu wake, ambao wazee waliufanya dawa.

Wataalamu huuita mti huu Pterocarpus angolensis, nao huota tangu nchi yetu mpaka Angola na Afrika Kusini. Gome lake ni la kijivu cheusi, limepasukapasuka kama magamba. Mwisho wa kiangazi hutoa maua ya manjano yenye harufu nzuri. Tunda lake ni bapa na mviringo kama kisahani; katikati lina nywele ngumu zichomazo, na pembeni lina ubawa mwembamba wa kuchukuliwa na upepo.

Ukilikata gome, hutoka utomvu mwekundu kama damu. Hapana uchawi hapo. Utomvu huo hukauka na kuliziba jeraha la mti. Wala haufanani na sandarusi ya pwani: sandarusi haiyeyuki katika maji, lakini utomvu wa mninga huyeyuka katika maji ya moto. Ndani yake mna tanini nyingi, kitu kile kile kikazacho ulimi unywapo chai kali. Kwa sababu hukaza ngozi, wazee waliutumia kwa vidonda, kwa choa na kwa tumbo la kuhara. Huko Ulaya nako ulijulikana utomvu wa namna hii. Mwaka 1757 daktari wa London, John Fothergill, aliandika habari za utomvu mwekundu uliotoka Gambia, nao ukauzwa katika maduka ya dawa kwa jina la kino.

Hata hivyo yafaa tutumie akili. Wako wasemao kwamba utomvu huu huongeza damu kwa kuwa ni mwekundu. Rangi si ushahidi. Mtoto aharaye hupoteza maji na chumvi; apewe maji ya dawa ya kuharisha na kupelekwa zahanati. Tena utomvu huu usitiwe machoni.

Hatari nyingine ni ya mti wenyewe. Mtafuta dawa mwenye haraka huchuna gome kuzunguka shina lote. Chini ya gome ndipo ilipo njia ya chakula kitokacho katika majani kwenda mizizini. Njia hiyo ikikatwa pande zote, mizizi hufa njaa, na mti hufa pia. Atakaye utomvu, jeraha dogo upande mmoja lamtosha.

Nao mninga hauoti upesi. Mche wake hunyauka juu kila kiangazi, lakini mzizi hubaki hai ukijiwekea akiba. Hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, pengine miaka 10 au zaidi, ndipo shina lipande juu. Asiyejua hudhani umekufa, akaulima au kuuchoma. Kufikia unene wa mbao huweza kuhitaji miaka 80 au 100. Basi mninga mkubwa uangushwao leo huenda ulikuwa mche kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Kwa ajili hiyo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa vibali vya kuvuna miti. Na mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mataifa yalikubaliana kuidhibiti biashara ya kimataifa ya mninga na ndugu zake wa Afrika.

Wanafunzi wenzangu, sheria peke yake haizimi moto wa shamba. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio mkali kuliko yote, na mara nyingi huwashwa na mikono ya nyumbani. Tuwaombe wazazi wetu wafyeke kinga kabla ya kuchoma, na tukiuona mche wa mninga shambani tuusimikie mti wa alama, jembe liupitie kando. Mbao zake hatutazitumia sisi. Lakini hizi tuzitumiazo leo zilitoka katika miti ambayo watu wengine waliiacha ikue.